Ukiitwa Usaili wa Kazi ya Kamisheni Tupu

Wadogo zangu wa Katavi, siku hizi naulizwa swali moja kwa sura nyingi. Limetoka Makanyagio, limetoka Nsemulwa, na binti mmoja wa Inyonga amelifupisha kuliko wote: "Dada, wameniita intavyuu. Mshahara hakuna, kamisheni tu. Niende?"

Nenda, mdogo wangu. Ila kabla hujapiga pasi blauzi yako, elewa jambo moja. Kampuni isiyokulipa mshahara haipotezi chochote ikikuchukua. Ikichukua vijana ishirini, kisha kumi na saba kati yao wakakata tamaa ndani ya miezi miwili, hao kumi na saba watakuwa wameshaiuzia bidhaa kwa mama zao, wajomba zao na wenzao wa kwaya, kisha wameondoka bila kudai hata kiinua mgongo. Ndiyo maana usaili wa kazi hizi huwa mwepesi mno. Unaulizwa jina, unaulizwa kama unaweza kuongea na watu, unaambiwa umepata, kesho uje na picha mbili za pasipoti. Ukiona umepokewa kwa furaha ya namna hiyo usivimbe kichwa. Mwajiri anayekulipa kila mwisho wa mwezi hukuchunguza sana, maana akikosea, pesa inayopotea ni yake. Huyu wa kamisheni akikosea, inayopotea ni yako. Kwa hiyo mwenye haja ya kumsaili mwenzake pale mezani ni wewe.

Kwanza jua kwa nini wamefika kwetu. Mkoa wetu ulipokatwa kutoka Rukwa mwaka 2012, sensa ya mwaka huo ilihesabu watu 564,604. Sensa ya 2022 ikakuta zaidi ya milioni 1.1. Mkoa uliojaza watu mara mbili ndani ya miaka kumi, wengi wao wakulima na wafugaji waliokuja na ng'ombe wao kutafuta ardhi, ni soko ambalo mtu wa Dar es Salaam analiona kwenye ramani na mate yanamtoka. Ongeza kwamba kwa miaka mingi umeme wa Mpanda mjini ulitoka kwenye majenereta ya dizeli, na vijiji vingi havikuwa nao kabisa. Hapo ndipo wanapoingia watu wa sola za kulipia kidogokidogo, watu wa simu za mkopo, watu wa laini, watu wa bima, watu wa mbegu na viuatilifu, na wale wa dawa za lishe zinazotibu kuanzia mgongo hadi ndoa. Sisemi wote ni matapeli. Sola imewatoa wengi kwenye kibatari, na aliyeifikisha kule kijijini alikuwa kijana wa kamisheni. Ninachosema ni kwamba mkoa huu ni mpana, vijiji vimetawanyika, na gharama ya kuvuka upana huo lazima itoke mfukoni mwa mtu.

Basi swali la kwanza kabisa ni hili: katika kazi hii, nani anatembea?

Mtazame wakala wa M-Pesa pale Soko Kuu. Tangu huduma hiyo ianze Tanzania mwaka 2008, wakala hajawahi kuwa na mshahara. Anakula kamisheni tupu, na kamisheni yenyewe kwa muamala mmoja ni ndogo. Lakini yeye amekaa kwenye kiti chake na mteja ndiye anayemfuata. Mvua inyeshe, jua liwake, nauli ni ya mteja. Sasa mtazame kijana wa sola anayetoka Mpanda kwenda Kakese, kesho Sitalike, keshokutwa Katumba. Kamisheni yake kwa mtambo mmoja ni kubwa kuliko ya wakala, ukisikia unashtuka, lakini anayemfuata mteja ni yeye, na barabara inakula kabla yeye hajala.

Chukua kalamu tupige hesabu. Tarakimu ni za kukisia, wewe utaweka za kwako. Tuseme mtambo mmoja wa sola unakupa Sh 15,000. Tuseme nauli ya kwenda kijijini na kurudi ni Sh 8,000, chakula Sh 2,500, vocha Sh 1,000. Siku moja imekula 11,500. Siku tano za wiki, 57,500. Ukiuza mitambo miwili wiki hiyo umepata 30,000, maana yake umeifanyia kampuni kazi wiki nzima na juu yake umeichangia Sh 27,500. Ukiuza minne umebaki na Sh 2,500. Ukiuza sita, hapo ndipo unaanza kuona 32,500 ya kwako. Na jiulize kwa ukweli: mkulima wa Kakese ananunua sola siku ya kwanza anapokuona? Siku ya kwanza anakusikiliza. Siku ya pili anakuambia mzee hayupo. Ya tatu anataka kuona ile ya jirani kama bado inawaka.

Hesabu hii iandike kwenye daftari, na uende nayo kwenye usaili. Muulize anayekusaili, kwa adabu, "Kaka, wakala wenu wa kawaida hapa Mpanda anauza mingapi kwa wiki? Simaanishi yule bora, namaanisha wa kawaida." Utaona. Watu hawa wamefundishwa kukutajia yule mmoja aliyenunua pikipiki, kila kampuni inaye. Wewe rudi palepale: wa kawaida. Akikwepa mara mbili, andika kwenye daftari kwamba amekwepa, halafu muombe namba za mawakala wawili ambao wamekaa nao zaidi ya mwaka. Kampuni yenye mawakala wa mwaka mzima itakutajia kwa fahari. Isiyo nao itaanza kukueleza kuhusu maono.

Hao mawakala ukiwapata, usiwaulize kama kazi ni nzuri. Wengine wanalipwa kidogo kwa kila mtu mpya wanayemleta, kwa hiyo kwao wewe nawe ni mauzo. Waulize kamisheni ya mwezi uliopita iliingia tarehe ngapi, na kama wana roho nzuri wakuonyeshe meseji yenyewe ya malipo.

Sasa niingie kwenye jambo ambalo mtu wa makao makuu hatakuambia kwa sababu pengine hata yeye halijui. Msimu. Pesa ya Katavi ina kalenda yake. Mahindi na mpunga vikishavunwa, kuanzia kama Mei, na masoko ya tumbaku yakifunguliwa, kijijini kuna harusi, kuna bati jipya, kuna mtu anauliza bei ya televisheni. Ukifika Januari na Februari, mwenye nyumba anahesabu debe la mwisho, mtoto anadaiwa daftari, barabara ya kwenda Mishamo au Karema imejaa matope na gari limelala njiani. Kwenye miezi hiyo hata malaika hauzi simu ya mkopo. Sasa angalia tarehe uliyoitwa usaili. Ukiajiriwa Desemba na kuambiwa "una miezi mitatu ya majaribio, usipofikisha tageti tunaachana", wamekupa miezi mitatu mibaya kuliko yote ya mwaka. Kijana aliyeanza Juni atasifiwa kwa juhudi, wewe utaambiwa huna moyo wa mauzo, na tofauti yenu ilikuwa mvua tu.

Hilo unaweza kulizungumza palepale mezani, tena litakupandisha. Mwambie, "Tageti yenu ni ileile mwaka mzima? Maana huku mauzo ya Februari hayawezi kufanana na ya Julai." Mwenye akili atainua kichwa. Ameletwa kutoka Mbeya au Mwanza, hajui hayo, na ghafla ameona kwamba mbele yake kuna mtu anayejua soko. Omba tageti ya masika iwe ndogo na ya kiangazi ikue. Akikataa angalau umejua unafanya kazi na nani.

Na hapa niwaambie kuhusu kujibu maswali, kwa sababu wengi mnadhani usaili wa mauzo ni kuchangamka na kuongea sana. Ile ya "niuzie hii kalamu" bado wanaiuliza, na vijana bado wanaanza kuisifia kalamu: ina wino mzuri, inaandika vizuri, ni ya kisasa. Usiisifie. Muulize kwanza anaandika nini kila siku, kalamu yake ya sasa inamsumbua wapi. Muuzaji anauliza kabla ya kueleza, na anayesaili anasubiri kuona kama unalijua hilo. Lakini chenye thamani zaidi ya mchezo wa kalamu ni kile unachokijua kuhusu mahali hapa. Unaongea Kisukuma? Sema mapema, usingoje uulizwe. Ukishuka Majimoto au ukiwa kwenye mnada wa ng'ombe, lugha hiyo ni mtaji kuliko pikipiki. Unaelewa Kirundi au Kiha? Katumba na Mishamo, ambako wengi ni watoto na wajukuu wa waliokuja kutoka Burundi mwaka 1972, utafunguliwa mlango ambao mwenzako atasimamishwa nje. Unajua gulio la kijiji gani ni siku gani? Unajua wapi mtandao wa simu unakamata na wapi lazima upande kichuguu? Unajua chama cha msingi gani cha tumbaku kinalipa wanachama wake lini? Haya ndiyo yako ya kuuza kwenye ule usaili. Cheti chako cha kidato cha nne wanacho na wengine hamsini.

Ukishawaonyesha hayo, ndipo unapata nguvu ya kuomba. Omba posho ya nauli kwa miezi mitatu ya mwanzo, hata ndogo. Omba upewe eneo lako ambalo wakala mwingine haingii, kwa maandishi, maana hakuna kinachouma kama kumlainisha mteja wa Usevya wiki tatu halafu mwenzako akapita Jumamosi na kumsajili. Omba wakulipe kila wiki badala ya kila mwezi. Wakigomea kila kitu, omba wiki mbili za kutembea na wakala wao mzoefu kabla hujasaini. Hilo halina gharama kwao, na wewe utakuwa umeona kazi ilivyo badala ya kuisikia.

Kuna swali moja watakuuliza ambalo linapita kama salamu: "Unafahamiana na watu wengi hapa?" Wengine wanakupa na karatasi, andika majina na namba za watu mia moja unaowajua. Mdogo wangu, simamisha kalamu. Ile karatasi ndiyo bidhaa wanayoitafuta kwako. Wanajua wateja wako wa mwanzo watakuwa shangazi, mwenyekiti wa kikoba cha mama, mwalimu wako wa msingi, jirani mnayekopeshana naye chumvi. Watu hao hawatanunua sola au bima, watakununua wewe. Na mtambo ukigoma kuwaka mwezi wa pili, wale wa kampuni watakuwa wamehamishiwa Sumbawanga, namba yao ya huduma inaita tu, na shangazi anakuja kukukalia barazani. Kwa hiyo kabla hujatoa jina hata moja, uliza: dhamana ya bidhaa ni ya muda gani, ikiharibika inapelekwa wapi, hapa Mpanda kuna fundi wenu au inasafirishwa? Bidhaa isiyo na fundi ndani ya mkoa usimuuzie mtu mnayekutana naye msibani.

Majina ya watu mia moja hutoi, hata wakikubembeleza. Namba ya mtu ni ya kwake, haijawahi kuwa ya kwako kuigawa.

Tuje kwenye pesa zenyewe, maana hapa ndipo wengi mnapoumia na wengine mnapelekwa polisi. Uliza: pesa ya mteja inapita wapi? Jibu ninalotaka usikie ni kwamba mteja analipa moja kwa moja kwenye namba ya malipo ya kampuni na risiti inamfikia yeye. Wakikuambia utakusanya taslimu na kuwasilisha jioni, sikia kengele. Taslimu ya watu ikikaa mkononi mwa mtu ambaye hana mshahara na hajala tangu asubuhi, siku moja itakatwa elfu mbili ya nauli "nitarudisha kesho". Wiki mbili baadaye ni elfu arobaini, na kampuni ambayo ilikuwa nzito kukulipa inakuwa nyepesi sana kukufungulia kesi ya wizi wa kuaminiwa. Kama hakuna njia nyingine, basi kila shilingi iwe na stakabadhi yenye namba, na nakala ibaki kwako.

Uliza pia mteja akiacha kulipa inakuwaje. Kwenye sola na simu za mkopo, mteja analipa kidogokidogo kwa miezi mingi, na kuna makampuni yanayozuia au kurudisha sehemu ya kamisheni yako mteja akilegea. Si dhambi, wanataka usiuze kwa mtu asiyeweza kulipa. Lakini uambiwe leo, si siku unapofungua simu na kukuta kamisheni ya mwezi imekuwa hasi. Na kazi ya kumfuata mdaiwa ni ya nani? Kama ni yako, inalipwa? Kumfuata mtu mara nne Karema kwa ajili ya deni la kampuni bila hata senti ni kazi ya pili uliyopewa bure.

Kodi ya zuio wanakata kiasi gani, na hati yake watakupa? Liulize hilo upite.

Wale mnaoitwa kwenye kazi ya kusajili laini, nina neno la pembeni. Tangu usajili kwa alama za vidole ulipoanza nchi nzima mwaka 2019, kila laini imefungwa kwenye namba ya NIDA ya mtu. Kamisheni inalipwa kwa laini, tageti ni kubwa, na msimamizi anakunong'oneza, "Mwambie bibi aweke kidole mara mbili, hajui." Ukifanya hivyo umemsajilia bibi laini asiyoijua, na siku ikitumika kutapeli mtu, uchunguzi utarudi hadi kwa aliyeisajili, ambaye ni wewe. Yule aliyekunong'oneza hajaandikwa popote. Bibi huyohuyo mjukuu wake akimpigia *106# ataona namba zote zilizo kwenye jina lake. Mkiwa kwenye usaili na mtu akacheka anapoeleza "mbinu" za namna hiyo, chukua mkoba wako.

Kwa bima ni rahisi: wakala wa bima lazima awe na leseni ya Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA. Muulize mwajiri wako nani anashughulikia leseni yako na nani analipia. Kama anakuambia anza kuuza tu leseni itakuja, wewe subiri ije.

Mkataba. Najua mkataba wenyewe mara nyingi ni kurasa za Kiingereza, unaambiwa saini hapa na hapa, watu wanasubiri nje. Beba nyumbani. Mtu anayekukataza kulala na karatasi usiku mmoja ana sababu. Utakuta umeitwa "wakala huru" au "mshirika", halafu ukurasa wa tatu unasema uripoti ofisini saa mbili asubuhi kila siku, uvae sare yao, usiuze bidhaa ya mtu mwingine, uombe ruhusa ukitaka kwenda msibani. Huo uhuru uko wapi? Sheria ya Taasisi za Kazi, Na. 7 ya 2004, kifungu cha 61, inasema mtu anachukuliwa kuwa mwajiriwa hadi ithibitishwe vinginevyo kama kuna dalili hata moja kati ya zilizotajwa: anaelekezwa namna ya kufanya kazi, saa zake zinapangwa na mwingine, anapewa vifaa vya kazi, anamtegemea huyo mtu kwa riziki, anamfanyia kazi yeye peke yake, au amemfanyia kwa wastani wa saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita. Jina lililoandikwa juu ya karatasi halimalizi mambo. Huhitaji kumtupia mwajiri kifungu hiki usoni siku ya usaili, atakuona mkorofi. Kiweke moyoni, na muulize kwa upole: "Kama ni wakala huru, naruhusiwa kuuza na bidhaa nyingine?" Jibu lake litakueleza kama wanataka uhuru wako au wanataka tu kukwepa mshahara.

Suala la mdhamini nalo msilichukulie kirahisi. Wanapotaka wadhamini wawili na barua ya mtendaji, soma mdhamini anadhamini nini. Kuthibitisha tabia yako ni jambo moja, kulipa mzigo ukipotea ni jingine, na mara nyingi baba ndiye anasaini bila miwani.

Na pesa ya kutoa wewe. Ada ya fomu, ada ya mafunzo, ada ya sare, "kianzio cha mzigo", kifurushi cha bidhaa cha kujiunga. Hapa sina maneno mengi: kazi inayoanza kwa wewe kulipa, ondoka. Msiniletee habari ya kwamba mwenzako alilipa na akafanikiwa. Zaidi ya yote usiende kukopa kausha damu ili ununue mzigo wa kampuni ambayo haikuamini hata kwa mshahara. Wenye umri wa kukumbuka wanakumbuka DECI, iliyofungwa na serikali mwaka 2009 baada ya watu kupeleka pesa wakiziita mbegu na kungoja mavuno. Nyinyi wadogo mna ya kwenu, ile LBL ya mwanzoni mwa 2025, ambako watu walilipia ili "wafanye kazi" ya kutazama matangazo kwenye simu. Zinabadilika majina tu. Namna ya kuzitambua kwenye usaili ni kuuliza: nikiuza bidhaa peke yake bila kumwingiza mtu yeyote, naweza kuishi? Kama pesa kubwa iko kwenye kuleta watu na ndogo kwenye kuuza kitu, huo ni upatu, na Kanuni ya Adhabu inamkamata anayeuendesha. Usidhani kwa kuwa uliletwa na rafiki wa kanisani umesalimika, hata DECI ilisimamiwa na watu wa Mungu.

Kabla ya siku yenyewe, tafuta jina la kampuni kwenye mtandao wa BRELA, wanaosajili makampuni, na uliza kama ofisi yao ya Mpanda ina leseni ya biashara ukutani. Ofisi isiyo na ukuta, yaani ile ya "tukutane hotelini", inahitaji macho mawili zaidi.

Mabinti, hili ni lenu. Usaili unafanyika mchana, mahali penye watu. Ukiambiwa bosi amefikia gesti na yuko chumbani anakusubiri na fomu, mwambie utamsubiri mapokezi. Akisema ana haraka, mwache aondoke na haraka yake. Nenda na mwenzio, akae nje, ajue uko wapi. Mtu akikupa kazi kwa masharti ya mwili wako, hiyo ni rushwa ya ngono, kosa la jinai chini ya sheria ya kuzuia rushwa ya 2007, na TAKUKURU wanapokea simu kwa namba 113 bila malipo. Na ujue kazi za kamisheni zina mtego wake hapa: hata baada ya kuajiriwa, yule anayegawa maeneo mazuri ndiye anayejua huna mshahara.

Sasa binti yangu wa Inyonga, umeuliza uende, nami nimesema nenda. Je, uikubali kazi? Inategemea unakula wapi kwa miezi mitatu ijayo. Kama uko kwa wazazi, au una shamba ambalo debe halijaisha, ijaribu, utajifunza kuongea na watu na hakuna chuo kinachofundisha hilo kwa bei hiyo. Kama una kibanda, saluni, au banda la kuchajia simu, ichukue hata kesho, mradi usitakiwe kuripoti asubuhi. Hapo bidhaa inakaa kwenye meza yako na mteja anakuja mwenyewe, umekuwa kama wakala wa Soko Kuu. Lakini kama una watoto wawili, umepanga chumba na unategemea kazi hii kwa unga wa wiki hii, hapana. Nenda ukaungane na wenzako kikundi mwombe ule mkopo wa halmashauri, asilimia nne za wanawake, nne za vijana na mbili za wenye ulemavu. Unachosha kwa vikao, najua, ila hauna riba.

Na wewe wa Kawajense uliyeandika kwamba tayari umeuza, miezi miwili imepita, kamisheni haijaingia na msimamizi hapokei simu. Usifute meseji yoyote. Andika orodha ya wateja wako, tarehe, kiasi, na risiti zao kama bado wanazo. Peleka dai kwa maandishi ofisini kwao, wasaini kwenye nakala yako, wakikataa kusaini ipige picha mkiwa na shahidi. Halafu nenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ujaze fomu namba moja. Dai la malipo lina siku 60 tangu mgogoro ulipoanza, na kama wamekuachisha kazi una 30 tu, kwa hiyo hesabu vizuri tarehe zako na uende wiki hii, Jumatatu asubuhi ikiwezekana. Lile daftari la hesabu, kama uliliandika, nenda nalo.